Kibodi Aliyoichagua Trent

Jina la Orville lilitajwa mara ya nne kabla supu ya samaki haijapoa, na Trent Lahti akaweka kijiko chini.

"Huyu Orville," aliuliza, "ana mke?"

Mkewe, Shauna, alikuwa akipaka siagi kwenye mkate mweusi. "Nitajuaje? Ni mkufunzi wangu kazini. Nimemwambia kibodi yangu imeoza, akanitumia orodha ya kibodi tatu. Ndogo, za mekanika, hakuna inayozidi dola themanini. Basi."

"Kwa hiyo ukamwuliza yeye."

"Nikamwuliza yeye."

"Na mimi nimekaa hapa hapa. Mtu anayecheza gemu tangu ana miaka tisa. Kibodi kumi na moja zimevunjikia mikononi mwangu, Shauna. Kumi na moja!"

"Ndiyo maana hukuulizwa," alisema Bi. Aila, mama yake Trent, bila kuinua uso. Alikuwa mwisho wa meza akichambua miba ya samaki, kazi aliyoifanya taratibu sana tangu ahamie kwao.

Shauna alicheka, kisha akaona uso wa mumewe akaacha. Alikuwa amebakiwa na siku kumi na moja, na hakutaka kuzitumia kwa ugomvi. Kwa miezi mitatu alikuwa kwenye majaribio katika kampuni inayoandika kesi za mahakama: unaletewa sauti, unaigeuza maandishi, swali kwa swali na jibu kwa jibu. Jumatatu ya wiki ya pili, saa nne asubuhi, angefanya mtihani wa mwisho pale nyumbani mbele ya kamera. Saa nzima, maneno sabini kwa dakika, makosa yasizidi mawili katika kila mia. Akifaulu, ni ajira ya kudumu, bima ya dawa na meno kwa nyumba nzima, na siku tatu kwa wiki kwenda ofisini mjini. Akifeli, hakuna mtihani wa pili.

Trent naye kiwanda cha mbao kilimpunguza mwezi wa tatu, na sasa ni Novemba. Malipo ya wasio na kazi yalikwisha mwezi uliopita. Alikuwa na jino bovu upande wa kushoto, kwa hiyo hata mkate wa mamake alikuwa akiutafuna upande mmoja, na kila mtu mezani alijua kwamba jino lile linamsubiri Shauna afaulu.

"Hela ni zile za matairi ya barafu," alisema Shauna. "Dola themanini, na hakuna nyingine. Iwe ndogo, maana unaijua rafu yangu. Na jioni uichezee gemu zako, sina neno. Nichagulie basi wewe, kama ni hilo."

"Nitachagua."

"Orodha iko kwenye kompyuta."

"Sihitaji orodha," alisema Trent, akachukua kijiko chake. Supu ilikuwa imepoa.

Rafu ya Shauna ilikuwa jikoni, kati ya friji na dirisha, na upana wake haukuzidi sinia mbili zilizopangwa sambamba. Kibodi kubwa yenye tarakimu pembeni ikikaa pale, kipanya hakina pa kukaa. Trent alilijua hilo, na mambo mengine mengi aliyajua. Alijua kwamba katika kibodi za mekanika kila kitufe hukaa juu ya swichi yake, na swichi nyekundu huteleza hadi chini bila kukwama, ndizo wapendazo wacheza gemu. Alijua kwamba za kahawia zina kijinundu katikati, kidole kikifika kinajua kimefika, ndizo wapendazo waandishi. Na za buluu hulia kwa kila herufi, hata jirani akajua unaandika barua. Mtu mwenye elimu yote hiyo, mkewe akaulize kwingine! Hata angekuwa mwingine ingemkereketa.

Lakini wivu ni kidonda, na Trent alikuwa akikikwaruza kwa bidii. Kwanza aliingia kwenye ukurasa wa kampuni kutafuta picha ya Orville. Hakukuwa na picha, lilikuwepo jina tu: Orville Petryk, mkufunzi mwandamizi. Akili yake ikamchorea mwanamume wa miaka thelathini na mitano, mabega mapana, ndevu za kuchongwa, meno yote mazima.

Halafu, kwa kuwa hakuhitaji orodha, aliifungua. Ya kwanza ilikuwa ya dola sabini na tisa, na mtandao mzima uliisifu. Alitumia saa mbili kuitafutia kasoro akaikosa, na kuikosa kule kukamuudhi zaidi. Akaapa hainunui hata ingekuwa inaandika yenyewe.

Siku ya pili akaiona ya kwake. Mwili wa alumini, uzito wa kilo moja na robo, mishale yote ipo, swichi zake za kuchomeka na kuchomoa upendavyo. Dola hamsini na mbili! Maelezo yalikuwa na mistari kumi na minne. Trent alisoma tisa, akalipa.

"Nimepata bora kuliko za huyo bwana wako," alimwambia Shauna, "na nimeokoa dola ishirini na saba."

"Bwana wangu ni wewe," alisema Shauna. "Itafika lini?"

"Ijumaa."

"Ijumaa ipi? Mtihani ni Jumatatu yake, Trent."

"Ijumaa hiyo hiyo, ndiyo, najua kuhesabu. Siku mbili zinakutosha kuizoea. Huyo mwingine angekuletea kesho?"

Shauna alirudi kwenye rafu, akaandika kwa ile kibodi ya zamani, ambayo herufi zake mbili zilihitaji kugongwa mara tatu ndipo zisikie.

Ijumaa boksi lilikuja, zito kama Trent alivyoahidi. Hakutaka kulifungua peke yake. Aliwaita wote wawili mezani, akapangusa meza, akakata utepe kwa kisu cha mkate. Bi. Aila alivaa miwani kabisa.

Kilichotoka kilikuwa kitu kizuri, cheusi, baridi mkononi. Na kilikuwa na matundu themanini na manne, yaliyo wazi.

Trent akaligeuza boksi juu chini, likadondosha waya na kikaratasi cha Kichina.

"Vitufe viko wapi?" aliuliza Shauna.

"Vitakuwa... kuna boksi la pili."

"Liko wapi?"

Trent alichukua simu, akafungua maelezo, safari hii akasoma mistari yote kumi na minne. Mstari wa kumi na mbili ulisema: fremu pekee, swichi na vifuniko vya herufi hununuliwa kando. Alisoma tena, polepole, midomo ikicheza.

"Kama mdomo wa marehemu babako asubuhi," alisema Bi. Aila, akichungulia yale matundu, "kabla hajachukua meno kwenye glasi."

"Mama, tafadhali."

"Nimesema kinafanana tu. Babako alikuwa mtu mzuri."

Kuirudisha kulihitaji wiki mbili. Mfukoni zilibaki dola ishirini na nane, na kwa dola ishirini na nane hakuna duka mjini lililokuwa na cha kumwuzia ila kibodi laini za plastiki, zile zile zilizomfikisha Shauna hapa. Shauna hakupiga kelele. Heri angepiga. Alikaa akaikunjakunja mikono yake juu ya mapaja, akasema kwa sauti ya mtu anayepanga safari, "Nitampigia Orville."

"Usimpigie."

"Trent. Mimi sina siku za kuchezea."

"Nimesema usimpigie. Nitakwenda mwenyewe. Yuko wapi huyo mtu?"

"Kesho wana mkutano wao, wapenzi wa kibodi, chini ya ukumbi wa kanisa la Waukraine. Huwa anauongoza yeye." Alimtazama. "Utakwenda kistaarabu?"

"Nitakwenda kuomba, Shauna. Unajua kuomba kwa namna nyingine?"

Mficha uchi hazai, na Trent aliteremka ngazi za ukumbi ule akiwa amebeba uchi wake kwenye mfuko wa plastiki. Mlangoni alisimama mama mmoja mwenye chupa ya dawa ya mikono. "Mikono kwanza," alisema, akammiminia kabla hajauliza kitu. Ndani kulikuwa na meza sita zilizotandikwa taulo, na juu ya taulo kibodi zimepangwa safusafu, kila moja na kadi ya jina la mwenyewe. Watu kama thelathini walizunguka kwa sauti za chini, wakiinama, wakigonga kidogo, wakitikisa vichwa. Chakula kilikuwa chumba cha pili, marufuku kuvuka nacho.

Trent aliona nyekundu moja nzuri, akaibonyeza.

Meza nzima ikageuka. Kijana mwenye kofia ya sufu alimtazama kama aliyemkuta mtu chumbani kwake. "Bwana, hapa tunauliza. Unasema 'naweza?' Mwenyewe anasema 'karibu.' Ndipo unagusa."

"Samahani."

"Ulikuwa hujui. Sasa unajua."

Trent alihisi masikio yakiwaka. Mwanamume wa miaka arobaini kasoro, kafundishwa kubisha hodi! Akauliza Orville yuko wapi, akaelekezwa meza ya mwisho.

Pale alikaa mzee mfupi mwenye upara, suruali imeshikwa kwa mikanda ya mabegani, kifaa cha kusikilizia katika kila sikio. Trent aliangalia nyuma ya yule mzee kumtafuta mwenye ndevu.

"Wewe ndiye Orville?"

"Ndiye, kwa kiasi nilichobaki. Wewe?"

"Mume wa Shauna."

"Ahaa!" Uso wa mzee ulifunguka. "Trent wa jino! Limepoa?"

Mtu angedhani kwamba kumwona mzee yule kungemponya Trent. Wivu ulikuwa umekuja kupigana na mabega mapana, ukakuta mikanda ya suruali, ungepaswa kwenda zake nyumbani. Haukwenda. Kwa hiyo mkewe huwa anakaa kwenye simu na mzee huyu akimsimulia meno yake! Afadhali huyo mwenye ndevu, angalau angeweza kumchukia waziwazi. Huyu utamchukiaje? Ukimchukia utaonekana mwehu.

"Limepoa," alisema, na kwa kweli lilikuwa linapwita. Akatoa fremu kwenye mfuko.

Orville hakucheka. Aliinua, akapima uzito, akapitisha kidole kwenye matundu. "Fremu nzuri sana hii. Mimi nilinunua mbili za namna hii kabla sijajifunza kusoma maelezo. Kaa. Sasa niambie, mkono wa Shauna ni mzito au mwepesi?"

"Vipi?"

"Akiandika. Anagonga mpaka chini, au anagusa tu akaondoka?"

Trent alifungua mdomo. Miaka kumi na mitatu ya ndoa, miezi mitatu ya kumsikia kila siku kutoka kwenye kochi, hatua saba tu kutoka jikoni. "Wa... kawaida," alisema.

"Na kile kidole kidogo cha kulia, bado kinamwuma na kumfa ganzi?"

"Kidole gani?"

Mzee alimtazama, kisha akateremsha macho kwenye taulo, na huruma ile ya kuteremsha macho ndiyo iliyomchoma Trent kuliko yote. "Labda hakutaka kukuongezea mawazo," alisema Orville. "Tangu mwezi wa tisa. Mimi nasikia tu kwenye mazoezi. Vitufe vya pembeni huvigonga akiwa amechelewa kidogo. Miaka thelathini nimesikiliza watu wakiandika, bwana. Masikio yamechoka kwa mengine yote."

Alivuta mkebe kutoka chini ya meza, akahesabu swichi za kahawia zilizotumika, zenye springi laini. "Hizi zitamfaa. Na wewe jioni zitakuvumilia kwenye gemu." Akaongeza mfuko wa vifuniko vya kijivu, viwili kati yavyo vya kijani kwa sababu vya kijivu vilipotea.

Trent alitoa dola zake ishirini na nane zote, akaziweka kwenye taulo.

"Weka mfukoni," alisema Orville.

"Sitaki bure."

"Si bure. Nimemwekea Shauna dawati la dirishani, karibu na langu. Jua linafika hata Januari. Pale ofisini nimezungukwa na watoto wanaovaa vipokea sauti masikioni kutwa nzima. Nitapata mtu wa kuongea naye saa ya chai. Hayo ndiyo malipo yangu." Alisukuma noti zikarudi kwa Trent. "Ila sikiliza. Kila swichi ina miguu miwili ya shaba, laini sana. Ukiichomeka kwa hasira, mguu unalala, na kitufe kinakuwa bubu. Ukiona umelala, chomoa, unyooshe kwa kibano, rudisha. Dakika moja tu. Usimpe kabla hujajaribu kila kimoja."

"Asante, mzee," alisema Trent, akazikusanya noti zake.

Jumapili baada ya chakula cha mchana alikaa kwenye meza ya jikoni na kuanza kuchomeka. Nje theluji ya kwanza ya maana ilikuwa inateremka. Kazi ilikwenda vizuri, ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi minane mikono yake kushika kazi yenye mwisho. Swichi hamsini, sitini, sabini. Bi. Aila alipita akasema, "Kumbe mwanangu unaweza," akampigapiga bega, na Trent akafurahi kama mtoto.

Alipomaliza aliunganisha waya, akajaribu kimoja kimoja kama alivyoagizwa. Vyote vilisema. Kimoja tu kilinyamaza: kile cha alama ya kuuliza, chini kulia, cha kidole kidogo. Alikichomoa. Mguu mmoja wa shaba ulikuwa umelala kabisa.

Kutoka chumbani ikaja sauti ya Shauna kwenye simu. "Dirishani? Mungu wangu, Orville, na jua je, linafika? ... Wewe! ... Hapana, sijawahi kuwa na dawati langu mwenyewe, kweli tena." Kisha akacheka. Kilikuwa kicheko cha tumboni, kirefu. Trent alijaribu kukumbuka ni lini kicheko kile kilisikika katika nyumba ile kwa ajili yake, akarudi nyuma mpaka kabla ya mwezi wa tatu, akachoka kutafuta.

Alishika ile swichi. Aliwaza jinsi kesi za mahakama zilivyo: wakili anauliza, shahidi anajibu, wakili anauliza. Kila mstari wa pili una alama ile.

Akairudisha swichi na mguu wake umelala vile vile, akaifunika.

Shauna alipokuja alikaa, akaandika aya nzima ya gazeti, isiyo na swali hata moja. Mwendo wake ulibadilika palepale. Sauti ilikuwa ya mvua ndogo kwenye bati. Akasimama, akautazama mkono wake wa kulia, akauchezesha. "Hauumi," alisema. "Trent, hauumi!" Akamkumbatia kwa nguvu. "Umetengeneza mwenyewe. Nisamehe kwa siku zote hizi."

"Si kitu," alisema Trent.

Usiku ule hakucheza gemu. Alisema jino linamsumbua, na nusu yake ilikuwa kweli.

Jumatatu saa tatu asubuhi nyumba ilikuwa chini ya amri. Kamera ingewashwa saa tatu na dakika arobaini na tano. Baada ya hapo mtu yeyote akionekana jikoni, mtihani umefutwa. Bi. Aila alijifungia chumbani na kitambaa chake cha kufuma, ameahidi hata choo hatavuta maji. Trent alichukua beleshi la theluji akatoka nje.

Alisafisha njia yote, ile ya jirani pia. Alipofika mwisho alisimama, na mkono wa Shauna ukamjia, vile alivyouchezesha hewani jana. *Hauumi.* Alikuwa amempa zawadi, na ndani ya zawadi amemtilia mwiba. Na kwa nini? Kwa sababu mzee kiziwi amemwekea mkewe dawati penye jua. Aibu ilimshika ghafla. Kisha akakimbia kwenye sanduku la zana, akapekua mpaka akapata koleo ndogo yenye ncha ya kunyooshea ule mguu, akakimbilia ndani na buti zake zote.

Saa ya ukutani ilisema saa tatu na dakika arobaini na saba.

Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa. Akainua mkono kugonga, akaushusha. Akiingia, amefuta mtihani. Asipoingia, ameshaufuta jana. Alisimama pale kwenye dimbwi la theluji inayoyeyuka, koleo mkononi. Saa nne ilipofika sauti za vitufe zikaanza, na akasikiliza kwa saa nzima. Alisikiliza kwa mara ya kwanza. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Unagusa na kuondoka. Na kulia, chini, pale palipokuwa bubu, kidole kilikuwa kinafika kwa wakati, tena na tena, na Trent kila mara alifumba macho.

Saa tano na robo mlango ulifunguliwa. Shauna alitoka uso umemwiva, nywele zimemsimama upande mmoja.

"Tisini na tisa," alisema.

"Nini?"

"Tisini na tisa kwa mia, Trent! Maneno sabini na sita. Mama! Mama, njoo, vuta maji unavyotaka!" Alicheka, akamshika mumewe mashavu kwa mikono yote miwili. "Na ilibaki kidogo tulie leo. Saa tatu na nusu najaribu, alama ya kuuliza haitoki. Nikampigia Orville roho iko mdomoni. Kaniambia chomoa, mguu umelala, unyooshe. Nimeunyoosha kwa kibano cha nyusi cha mama. Akasema, 'Usimseme mumeo, kila anayejenga kibodi mara ya kwanza hupindisha mmoja, na hawezi kuuona.' Kwa hiyo sikusemi. Asante, mume wangu."

Mlango wa kuikwepa lawama ulikuwa wazi kabisa. Ilimtosha Trent kutabasamu tu. Mzee mwenyewe alikuwa amemshikia.

Shauna aliteremsha macho. "Hiyo koleo ya nini?"

Trent naye aliitazama. "Niliuona," alisema.

"Uliona nini?"

"Huo mguu. Jana. Niliuona umelala nikaurudisha hivyo hivyo. Ulikuwa unacheka kwenye simu." Akaigeuza koleo mkononi. "Leo nimekuja kukwambia, nikakuta umeshafunga mlango."

Mikono ya Shauna ilitoka mashavuni mwake. Hakurudi nyuma, hakusogea mbele. Bi. Aila alitokea kwenye ujia na kitambaa chake, akaona nyuso zao, akarudi chumbani.

"Ningefeli," alisema Shauna.

"Najua."

"Jino lako. Dawa za mama. Nyumba. Ulijua yote hayo?"

"Nilijua."

Shauna alimtazama, si kwa hasira hasa, zaidi kama anavyosikiliza sauti mbovu ya mahakamani, akirudia mahali pamoja mpaka neno lisikike. "Nikuulize kitu kimoja, na usinidanganye. Ulikuwa unamwonea wivu Orville, au unanionea mimi?"

Trent alitaka kusema Orville. Neno lilikuwa tayari, na lingekuwa rahisi, na labda kesho yake wangelicheka.

"Wewe," alisema.

Shauna aliitikia kwa kichwa, polepole, macho yakijaa. Aliichukua ile koleo mkononi mwake akaiweka mezani kando ya kibodi.

"Basi hili," alisema, "hata Orville hawezi kunisaidia."